Sura ya Sita: Barabara Tupu

Asubuhi ya siku ya tatu tangu Mpima Mvua, mzee aliyepima mvua kwenye shamba la kampuni, aokotwe mtaroni, dada wa dereva wa boza la maji alikuwa kwenye benchi la mapokezi ya kituo cha polisi kabla hata mfagizi hajamaliza ukumbi. Alikuwa na chupa ya chai magotini na mfuko wa nguo safi miguuni. Mpelelezi alipoingia, yule mama aliinuka nusu, kisha akakaa tena.

Kituo kizima kilimwita mpelelezi huyo Mama Futi, kwa sababu ya futi ya chuma aliyotembea nayo mkobani. Akifika mahali pa tukio haulizi kwanza, anapima. Wenzake walimcheka, lakini wakikwama walikuja kuazima daftari lake.

"Afande, kweli ni saa nane leo?"

"Ni saa nane. Gari la mahakama likifika, anapanda."

"Na akishapanda?"

"Atasomewa shtaka la kusababisha kifo na kutoroka. Halafu rumande."

"Mpaka lini?"

"Miezi. Siwezi kukudanganya, mama."

Dada mtu aliifunga chupa ambayo ilikuwa imeshafungwa. "Huyu mdogo wangu nimemlea mimi. Akisema uongo anaongea sana, anakupa na jina la mtu aliyekuwepo, na nguo aliyovaa. Safari hii ana maneno matatu tu, na kila nikimuuliza ananirudishia hayohayo matatu. Mtu hadanganyi kwa uvivu namna hiyo."

Mama Futi alipokea mfuko wa nguo, akaupeleka mwenyewe mahabusu.

Dereva alikuwa kijana mnene wa mabega, mpole wa sauti. Aliyasema yale matatu kwa mara ya tano. Alijaza maji pampu, akaondoka. Karibu na kalvati alipishana na Mpima Mvua juu ya baiskeli, mzee akampungia mkono. Mbele kidogo akapishana na gari linakuja kama limekimbizwa.

"Gari gani?"

"Vumbi, afande. Nilifunga dirisha."

"Rangi?"

"Vumbi."

Hayo ndiyo yaliyomtia matatani. Karani wa pampu aliandika kwamba boza liliondoka saa nne na dakika kumi na mbili. Kutoka pampu hadi kalvati ni mwendo wa dakika nane. Na siku hiyo, bahati mbaya kwake, ndege ndogo ilikuwa inapiga picha za shamba zima kwa ajili ya kutafuta ugonjwa wa majani. Ilipita juu ya kalvati saa nne na dakika ishirini kamili.

Picha yenyewe, kubwa kama kitanda, ilikuwa ukutani kwa Mkuu wa Kituo. Barabara ya shamba ilionekana vizuri, nyekundu, imenyooka kati ya mashamba, na juu yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na boza wala baiskeli wala gari la vumbi.

"Ndege haina undugu na mtu," Mkuu alisema, akigonga pale kwenye kalvati kwa kalamu. "Kama saa nne na ishirini hayupo barabarani, yuko wapi? Kajichimbia kwenye kichochoro cha shamba, anafuta bampa. Na mzee haonekani kwa sababu yuko mtaroni tayari. Mlinzi wa geti ameandika gari moja tu asubuhi ile, boza. Wewe unataka nini tena?"

"Mlinzi wa geti anaandika magari yenye mzigo tu. Yanayopita matupu hayaandiki. Nimemuuliza."

"Basi niletee hilo tupu lenye namba zake. Saa nane nasaini."

Mama Futi aliisogelea picha. Alikuwa ametoa kioo cha kukuzia na kukitembeza juu ya picha, polepole, kutoka geti la magharibi hadi geti la mashariki.

"Unatafuta nini?"

"Wapalilizi. Siku ile walikuwa shambani watu mia nne. Nimeona daftari la mahudhurio."

"Ndiyo?"

"Barabara ina kilomita kumi na moja. Sioni mtu hata mmoja anatembea. Hakuna mbwa wala ng'ombe. Nyumba zipo, matrekta yaliyoegeshwa yapo, mapipa yapo. Kila kisichotembea kipo." Alikirudisha kioo mkobani. "Hii si barabara tupu, Mkuu. Hii imefagiliwa."

*

Ofisi ya picha ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la ndoo na mabeseni. Ilikuwa na meza mbili, kompyuta tatu, feni moja yenye kelele, na kalenda ambayo mtu aliwekea alama siku za kuruka. Watu wa ofisi walikuwa wawili tu. Msichana mmoja mwenye miwani, ambaye wateja humwita Fundi, ndiye aliyekaa kwenye kompyuta. Mwenye ofisi alikuwa mjomba wake, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyevaa fulana yenye picha ya ndege kifuani. Mji mzima humwita Rubani. Ndege anakodi, na mtu wa kuirusha anakodi. Yeye mwenyewe hajawahi kupanda hata siku moja, anasema tumbo lake halipendi.

"Karibu, dada yangu, karibu sana," Rubani alimwambia Mama Futi, akimfutia kiti vumbi kwa kiganja. "Ungepiga simu ningekufuata, ila leo niko kwa miguu, gari liko gereji. Ramani yetu imewasaidia?"

"Imesaidia mno. Imemaliza kesi. Nimekuja kuuliza kitu kimoja kabla haijafungwa. Watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Watu wa shamba. Mia nne."

Rubani alicheka kicheko cha kweli, akamgeukia Fundi. "Mwambie, mwanangu. Mwambie watu tunawapeleka wapi."

Fundi alivuta kiti. "Tunawatoa, afande. Vyote vinavyotembea tunavitoa. Sisi tunaviita takataka."

"Mteja analipia majani," Rubani alisema. "Halipii watu. Mtu akikaa juu ya jani anaharibu hesabu ya jani. Kompyuta inafanya yenyewe, hatuigusi." Simu yake ililia. Aliitazama, akaikata. "Huyo ni fundi wa bodi ya gari, ananisumbua na bei zake. Ngoja nimfuate palepale. Fundi, mpe afande kila anachotaka, sawa? Sisi hatuna siri na serikali."

Alishuka ngazi anapiga mluzi. Mama Futi aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Nieleze kama unamweleza mtoto wa darasa la nne," alimwambia Fundi. "Kompyuta inajuaje kwamba kitu kinatembea?"

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. Ilionekana ni swali ambalo hajawahi kuulizwa.

"Kamera ya simu yako inaona rangi tatu. Yetu inaona mia mbili na ushee, nyingi jicho halizioni kabisa. Ndiyo maana inajua jani linaumwa kabla halijanyauka. Lakini haioni zote kwa mpigo. Mbele ya kamera kuna kioo kama upinde wa mvua. Ndege inavyosogea, kipande cha ardhi kinapita kwanza chini ya bluu, halafu kijani, halafu nyekundu, na mwisho chini ya ule mwanga tusiouona. Kutoka bluu mpaka mwisho ni sekunde tatu."

"Endelea."

"Nyumba haiendi popote ndani ya sekunde tatu. Rangi zake zote zinaangukia mahali pamoja, tunapata nyumba. Lakini anayetembea, bluu inamkuta hapa, kijani inamkuta mbele kidogo, nyekundu mbele zaidi. Anatawanyika. Kompyuta ikifika mahali ikakuta bluu ya mtu na nyekundu ya udongo, inasema hivi havipatani, hii takataka. Inapafuta, inapaziba kwa udongo wa jirani."

"Kwa hiyo gari lililosimama linabaki kwenye ramani, na lililokuwa likienda linaondoka."

"Ndiyo."

"Na mlimwambia Mkuu wa Kituo hivyo mlipompa ramani?"

Fundi aliirudisha miwani usoni. "Mjomba ndiye aliyeipeleka. Mimi nilijua ni kwa ajili ya mipaka ya shamba."

Mama Futi aliandika hilo. "Hizo takataka, mmewahi kuzitazama?"

"Nani anafungua pipa la taka, afande?"

"Mimi. Ndiyo kazi yangu. Bado mnazo?"

"Picha mbichi tunazitunza siku thelathini."

"Fungua ya saa nne na dakika ishirini. Penye kalvati."

Picha mbichi haikuwa nzuri kama ramani. Ilikuwa imepinda kwa mtikisiko wa ndege, na pembeni ina michirizi. Fundi aliisogeza mpaka kikaonekana kidaraja cha zege, cheupe, chenye kona moja iliyobomoka. Mama Futi aliitambua ile kona. Alikuwa ameikalia juzi akiandika vipimo.

"Hapo. Sasa nionyeshe."

Fundi alibonyeza mara mbili. Barabara ikajaa.

Hayakuwa magari wala watu. Yalikuwa madoa, kila moja limevutwa kama rangi ya nguo inayochuja majini: bluu upande mmoja, kijani, manjano, nyekundu upande wa pili. Pembezoni mwa shamba yalikuwa madogo madogo na mengi, wapalilizi. Barabarani yalikuwa matatu.

"Hili dogo, penye kalvati penyewe," Mama Futi alisema. "Linaelekea wapi?"

"Bluu ndiyo ya kwanza. Bluu iko magharibi, nyekundu iko mashariki. Linaelekea mashariki."

"Limekwenda kiasi gani?"

Fundi alivuta mstari kwa kipanya. "Mita tisa. Ndani ya sekunde tatu."

"Mita tatu kwa sekunde. Baiskeli ya mzee asiye na haraka." Mama Futi aliandika. "Hili kubwa?"

"Mita ishirini na moja. Linaelekea magharibi. Na..." Fundi alisogea karibu na skrini. "Limeshalipita lile dogo. Liko mita mia na ishirini nyuma yake."

"Boza. Mita saba kwa sekunde, limejaa maji, haliwezi zaidi." Kalamu ilisimama. "Kwa hiyo wamekwisha kupishana. Boza linakwenda zake, na mzee bado anakanyaga pedali."

Fundi aliachia kipanya. Alikuwa amesikia habari za ajali kama mji mzima ulivyosikia, lakini ilionekana hakuwahi kufikiria kwamba ajali ile ilikuwa ndani ya kompyuta yake.

"La tatu," Mama Futi alisema.

La tatu lilikuwa limevutwa mno hata mwanzo wake na mwisho wake havikuonekana pamoja. Fundi alipunguza picha ndipo likaingia lote. "Mita sitini na sita."

"Rudia kupima."

Alirudia. "Sitini na sita, afande. Linaelekea mashariki."

"Nyuma ya baiskeli kwa umbali gani?"

"Mia tatu na nne."

Mama Futi aligawa pembezoni mwa ukurasa, kwa mkono, kama alivyofundishwa shule. Mita ishirini na mbili kwa sekunde. Ni kilomita karibu themanini kwa saa, kwenye barabara ambayo kibao chake kimeandikwa thelathini. Linamkaribia mzee kwa mita kumi na tisa kila sekunde. Mia tatu na nne gawanya kwa kumi na tisa.

"Kumi na sita," alisema. "Sekunde kumi na sita baada ya picha hii, linamfikia. Kwa muda huo mzee atakuwa amesogea mita arobaini na nane kutoka kalvati." Alifungua kurasa za nyuma za daftari, akamwonyesha Fundi mchoro wenye mishale. "Kioo cha taa nilikiokota mita hamsini na mbili kutoka kalvati, mashariki."

"Zimezidi nne."

"Kioo kinaruka."

Alimpigia simu Mkuu wa Kituo. Ilikuwa imeshatimu saa sita kasorobo, kwa maana picha mbichi hufunguka kwa kujivuta. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulizoea.

"Madoa matatu," alisema.

"Ndiyo, Mkuu."

"Nimpeleke hakimu madoa? Atauliza gari la nani, nitamwambia la nyekundu na bluu? Mwendesha mashtaka ana karani wa pampu, ana bampa lenye mkwaruzo. Wewe niletee gari. Ukilileta kabla ya saa nane, namtoa kwenye orodha kwa mkono wangu. Usipolileta anapanda, mengine mtayasema hukohuko."

Simu ilikatwa. Mama Futi aliiweka mezani kifudifudi.

"Nani anakimbiza gari kwenye shamba lile?" Fundi aliuliza.

"Kuna mmoja. Meneja ana pikapu nyeupe, na vibarua wanaikimbia wakiisikia tu. Tena ndiye wa kwanza kumtaja dereva wa boza." Mama Futi alilifuata doa la tatu kwa macho. "Hivi nikikuuliza hili gari lina rangi gani, utaweza kuniambia?"

"Halina rangi, limetawanyika. Bluu yake iko kule, nyekundu yake iko huku."

"Lakini unajua kila kipande kiko wapi. Na unajua lilikuwa linakwenda mita ishirini na mbili kila sekunde."

Fundi aligeukia skrini. "Nikivirudisha vyote nyuma," alisema taratibu, "kila kipande kwa muda wake. Nikaviokota kimoja kimoja nikavipanga mahali pamoja. Rangi mia mbili. Sijawahi."

"Itachukua muda gani?"

"Sijui, afande. Nimekwambia sijawahi."

Alianza na boza, kwa sababu ni kubwa na jibu lake linajulikana. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu ukatokea mstari kwenye skrini, wa kuonyesha kitu kinarudisha kiasi gani cha kila rangi, umepanda upande wa bluu na kuporomoka. Akaulinganisha na boza jingine la kampuni lililoegeshwa karakana siku ileile. Ilikuwa mistari miwili kama mapacha. Akafuata baiskeli. Hapo mstari ulipanda ghafla karibu na nyekundu ukabaki juu.

"Kitambaa cha rangi ya chungwa," Fundi alisema. "Kile kinachong'aa."

"Kizibao cha kampuni. Tulimkuta nacho." Mama Futi alifungua ukurasa mpya. "Basi ndiye. Twende la tatu."

Saa saba na nusu ilipita. Chini dukani mtu alikuwa anabishana juu ya beseni lililopasuka. Fundi aliokota vipande, midomo inahesabu. Mara mstari wa tatu ukajichora kuanzia kushoto, na Mama Futi, ambaye alikuwa amekwisha zoea milima na mabonde ya ile mingine, alidhani kompyuta imekwama. Mstari haukupanda wala kushuka. Ulikwenda katikati ya skrini, moja kwa moja, kama umechorwa kwa rula.

"Ni pikapu ya meneja?"

Fundi alivuta kipanya. Alifungua ramani penye ua wa meneja, pikapu nyeupe ilipoegeshwa, akautoa mstari wake na kuuweka juu. Ulianza chini kabisa, ukaruka, ukakaa juu. Haukufanana na ule mwingine hata kidogo.

"Siyo," Mama Futi alisema.

"Siyo."

"Huu ulionyooka ni rangi gani?"

"Hakuna rangi ya gari inayonyooka hivi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wala jani, wala bati, wala udongo. Kila kitu duniani kina rangi kinayoipenda na rangi kinayoikataa. Kimoja tu hakichagui, kinarudisha nusu ya kila mwanga. Kimetengenezwa hivyo makusudi."

"Kitu gani?"

"Afande, ningekuambia ni bati, ungejua?"

Mama Futi alimtazama. "Nisingejua."

Fundi alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa bei akaikubali. "Ni turubai letu. Turubai la kijivu. Kila tunaporuka linatandikwa shambani, kamera ilione, halafu ndiyo tunapima kila kitu kwa hilo. Lisipokuwepo, picha nzima haina maana. Mimi nautazama mstari huu kila siku ya Mungu. Naujua kuliko sura yangu."

"Na linasafirije mpaka shambani?"

"Linafungwa juu ya gari. Kwenye keria."

"Gari la nani?"

"La ofisi."

"Siku ya kuruka anaendesha nani?"

"Tuko wawili tu hapa. Mimi nakuwa kwenye kiti hiki." Alikaza macho kwenye skrini. "Mjomba."

Mama Futi aliandika neno moja, akalipigia mstari. "Lilitandikwa siku ile? Turubai?"

Fundi alifungua picha ya mwisho ya siku hiyo. Katika shamba la kusini, juu ya majani yaliyofyekwa, mraba wa kijivu ulikuwa umelala vizuri, umenyoshwa, jiwe kila pembe. Saa iliyoandikwa chini ilikuwa saa nne na dakika thelathini na moja.

"Dakika kumi na moja," Mama Futi alisema.

Hatua zilisikika kwenye ngazi. Hakukuwa na mluzi. Rubani aliingia na chupa tatu za soda amezibana kwa vidole, akaona skrini, akaona ule mstari, akaziweka soda mezani moja baada ya nyingine.

"Si nilikuambia kazi ya shamba lile tumeshaifunga?" alimwambia mpwa wake.

"Kaa, Mjomba," Fundi alisema.

Alikaa. Mama Futi aligeuza kiti kumwelekea. "Gari liko kwa fundi wa bodi yupi?"

"Nyuma ya soko." Rubani alijifuta shingo. "Taa ya kushoto."

"Ulichelewa?"

"Pancha. Nilichelewa kwa pancha, dada yangu. Ndege ilikuwa imeshaanza kupita mistari yake juu ya shamba. Turubai lisipokuwa chini kabla ya mstari wa mwisho, safari nzima ni bure. Kukodi tena, kuomba kibali tena, na mteja nilikuwa nimebakiza huyo mmoja. Boza likanipita, vumbi lote likaja kwangu. Nilipotoka kwenye vumbi..." Alionyesha kwa mikono miwili jinsi kitu kilivyokuwa karibu.

"Ulishuka?"

"Nilishuka."

"Alikuwa hai?"

Rubani aliitazama feni. "Alikuwa anapumua."

"Ukaenda kutandika turubai."

"Nilisema nikirudi nitamchukua. Niliporudi walikuwa wameshamzunguka watu."

"Na ramani ukaipeleka kituoni mwenyewe, kabla hujaombwa."

Rubani alizipanga upya zile soda. Mama Futi hakuliuliza mara ya pili. Alichukua simu.

"Mkuu. Gari lipo gereji nyuma ya soko, taa ya kushoto imevunjika. Tuma mtu alizuie kabla halijapakwa rangi. Mwenyewe nipo naye hapa."

"Gari la mahakama limeshawasha injini," Mkuu alisema.

"Basi mteremshe."

Simu ilisikika ikiwekwa mezani. Kisha sauti ya Mkuu, mbali na simu, ikimwita mtu kwa ukali. Kisha mlango wa chuma.

*

Saa tisa, mapokezi ya kituo yalikuwa na watu wengi kuliko asubuhi. Rubani alikuwa ameingizwa ndani kwa mlango wa pembeni. Fundi alisimama kwenye kaunta akijaza fomu ya maelezo ya shahidi, karatasi nne za mistari zilizochapwa zimebanwa nyuma yake. Pembeni yake dereva wa boza alikuwa anasaini kurudishiwa mkanda, simu na leseni. Dada yake alikuwa anamkagua shati.

"Umekonda siku tatu."

"Dada, acha basi."

"Nisiache. Kamba za viatu ziko wapi? Afande, kamba zake za viatu."

Kamba zilitafutwa. Dereva aliinama kuzifunga, na alipoinuka alimkuta Mama Futi mbele yake. "Afande, nasikia kuna mtu wa picha ndiye aliyeniona barabarani."

"Yupo."

"Siwezi kumwona?"

Mama Futi hakugeuza kichwa. Fundi alikuwa ameacha kuandika.

Dereva alingoja, kisha akaona labda ni mambo ya kipolisi, hayasemwi. Alimgeukia yule msichana mwenye miwani kwa sababu tu ndiye aliyekuwa karibu. "Dada, wewe naona una shughuli nao. Ukikutana na huyo mtu, mwambie nimeshukuru. Mwambie nimerudi nyumbani."

"Nitamwambia," Fundi alisema.

Wakatoka, dada mtu mbele, chupa ya chai kwapani, bado anamsema kuhusu shati. Fundi alisubiri mpaka mlango ukafunga. Fomu ilikuwa imebaki na mstari mmoja tu kabla ya sahihi: uhusiano wa shahidi na mtuhumiwa.

"Niandike mwajiri?" aliuliza.

"Andika ilivyo."

Aliandika *mjomba*, akatia sahihi, akamrudishia Mama Futi kalamu.